Karatasi ya Mdogo Wangu

Tangazo la kazi serikalini lilitaka watu ambao hawajatimiza miaka thelathini na sita. Mimi nilikuwa na thelathini na sita na miezi mitatu, na habari hiyo niliipata nikiwa nimesimama kwenye mashine ya fotokopi, nikimtolea mteja nakala za tangazo lenyewe. Niliusoma mstari wa umri kwenye nakala ya kwanza. Nikausoma tena kwenye ya pili. Ilipofika ya kumi nilikuwa nimeikasirikia mashine, kana kwamba ndiyo iliyoandika.

Kibanda ninachofanyia kazi kiko karibu na ofisi za komini, serikali ya mtaa, hapa Lubumbashi. Kazi yangu ni kupiga chapa makaratasi ya watu. Kwa miaka kumi na mbili nimewaandikia wengine barua za kuomba kazi serikalini, nzuri kweli, na wengine wamezipata hizo kazi na hupita mbele ya kibanda bila kunisalimu. Mimi mwenyewe nilikuwa nangoja mtihani wa kuingia huko serikalini ufunguliwe. Kila mwaka tuliambiwa mwaka kesho. Sasa umefunguliwa, na mimi nimepita umri kwa miezi mitatu. Sikuchelewa mimi, ilichelewa serikali! Maneno hayo niliyasema peke yangu njiani siku ile, kwa sauti, mpaka muuza karanga mmoja akageuka kunitazama.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kutulia. Nikiwa na jambo moyoni kiti kinanichoma. Nazunguka meza, nafungua mlango na kuufunga, nafagia palipokwisha kufagiliwa. Jioni ile nilifagia ua mara mbili. Mama alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, akaniangalia pembeni ya moshi.

"Kuko nini?"

"Haiko kitu, mama."

"Ile kitu haiko, njo inakufagisha mara mbili?"

Nikamweleza. Alinisikiliza bila kuacha mwiko, akauliza tu mwisho wa kupeleka dosie ni lini. Nikamwambia wiki tatu. Kisha akarudi kwenye bukari yake, na mimi nikadhani amesahau.

Jumapili, tulipotoka misa, akaingia chumbani kwake na kutoka na valizi, sanduku la nguo ambalo huwa halifunguliwi. Humo mna vitenge vya ndoa yake, kofia ya kazi ya marehemu baba, na kadi zetu za ubatizo. Chini ya kadi alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki. Akaiweka juu ya meza, akailaza kwa kiganja.

"Karatasi ya kuzaliwa ya mudogo yako," akasema. "Yee iko na miaka makumi tatu na mbili. Chukua."

Mdogo wangu huyo alizaliwa Kipushi, wakati baba akifanya kazi kwenye mgodi wa huko. Surua ilimchukua kabla hajatimiza miaka miwili. Mimi nilikuwa na mitano, na ninachokikumbuka ni viatu vyake vyeupe, ambavyo mama alivishika mkononi njia yote ya kwenda makaburini na akarudi navyo. Bibi yetu mzaa baba, wa kaskazini ya Katanga, alitaka jina lake libebwe na wajukuu wawili lisije likapotea. Kwa hiyo tuliitwa sawa: jina la baba, kisha jina la bibi. La ubatizo tu ndilo lilitutofautisha. Na hati yangu ya shule, kwa uvivu wa mwandishi fulani, ina majina yale mawili ya kwanza na alama nilizopata, basi, wala haisemi ni ya nani kati yetu.

Baba alimwambia mama aende komini kuandikisha kifo. Mama alisema atakwenda. Hakwenda wiki ile, hakwenda mwaka ule, na baba naye alipofariki hakubaki mtu wa kumkumbusha. Kwa hiyo mbele ya serikali mdogo wangu hajafa. Ana miaka thelathini na miwili, hajaolewa, hana kosa lolote.

"Mama, ule mutoto alikufa."

"Nani anajua? Mi na weye."

"Na Mungu."

"Mungu niko namuelezea mi mwenyewe kila siku. Bantu ba bule banaingia ku serikali, na weye unabakia ku mashine mupaka unazeeka. Chukua."

Niliichukua. Nilitembea nayo ndani ya mfuko wangu wa mkononi siku nne, na kila nilipotafuta ufunguo au kalamu vidole viliigusa, nikashituka. Sikuwa mgeni wa mambo haya. Kibandani kwetu watu hupunguza miaka kama wanavyopunguza ndevu. Huja na tarehe moja Jumatatu, Ijumaa wana nyingine, na muhuri juu yake, na sijawahi kumwuliza yeyote. Nikajiambia changu ni kidogo kuliko chao. Wao wanatengeneza karatasi za uongo. Yangu ni ya kweli, muhuri wa kweli, mtoto wa kweli. Nilijiambia hivyo asubuhi, nikajiambia tena mchana, na jambo ambalo mtu analazimika kujiambia mara mbili kwa siku limekwisha kumshinda. Nililijua hilo. Siku ya tano nikaijaza fomu kwa mashine ya chapa ileile ninayowaandikia wengine, nikaandika jina lake la ubatizo mahali pa langu, nikaipeleka. Mtu wa dirishani alipiga muhuri huku akiongea na simu.

Kulikuwa na somo moja katika mtihani ambalo wengi waliliogopa: maadili ya mtumishi wa serikali. Sheria unaweza kuikariri, hesabu unaweza kuijua, lakini hili halikuwa na jibu la kukariri. Kwa hiyo watu kama arobaini tulijiandikisha kwa mzee mmoja, mtumishi mstaafu, mtu wa Kasai, aliyekuwa anafundisha kwenye ukumbi wa parokia alasiri mara tatu kwa wiki. Alikuja kwa miguu kutoka upande wa Golf, mtaa wa matajiri, ambako alikaa kwenye kijumba nyuma ya villa ya mwanawe, na koti lake lilikuwa na kola iliyogeuzwa na kushonwa upya. Nilipomwona mara ya kwanza nilisema moyoni, huyu ndiye aliyekuwa mwaminifu, tazama kola.

Alianza kila somo kwa kuita majina. Aliita yote, polepole, na kungoja kila mtu ajibu "présent". Mimi nilimpa majina mawili tu, ya baba na ya bibi, na kila aliponiita nilijibu bila shida. Siku moja jirani yangu wa benchi alikuwa amekwenda Kipushi kununua bidhaa zitokazo Zambia, akaniomba nimuitikie. Tulifanya hivyo tangu shule ya msingi, nani hajafanya? Jina lake lilipoitwa nikabadilisha sauti kidogo, nikasema "présente". Mzee akainua macho. Hakugomba. Aliweka kalamu chini, akaichukua tena, akaanza kuita upya kutoka jina la kwanza. Alipofika kwa jirani yangu mimi nikanyamaza. Akaandika alama yake, akaendelea. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, lakini masikio yalikuwa yanawaka.

Somo lake alilifundisha kwa maneno ya nyumbani. Nakumbuka alivyotutenganishia yale maneno matatu ambayo vitabu vya Kifaransa vinayachanganya mpaka mtu anapatwa na kizunguzungu.

"Valeurs," alisema, "ni bile bitu hautaki kupoteza. Familia, heshima, mukate. Morale, ni ile banakufundisha ku nyumba: hapana kuiba, hapana kudanganya. Sasa éthique ni siku ile bile bibili binagombana, na weye iko katikati, na hakuna muntu wa kukusaidia kuchagua."

Halafu akatupa mifano. Faili mbili ziko mezani pako, moja ya shemeji yako, ya chini ni ya mtu usiyemjua aliyekuja kwanza. Mjane ameleta kuku kwa sababu ulimtendea haki tu, kuku yuko mlangoni anapiga kelele, utafanyaje? Tulibishana mpaka walinzi wa parokia walikuja kuchungulia. Mimi nilibishana kuliko wote. Nilikuwa nasimama, nakaa, nasimama tena. Kwa mambo ya kuku wa mjane nilikuwa mkali kama hakimu.

Siku moja, watu walipotoka, nilibaki nikijifanya natafuta kalamu. Nikamwuliza kama ni kosa pale karatasi ni ya kweli, haikughushiwa, ila mtu anayeitumia siye mwenyewe.

Alikuwa anafuta ubao. Aliumaliza.

"Mama, unauliza juu ya mtihani, ao juu ya maisha?"

"Mtihani, papa."

"Basi ku mtihani utaandika hivi. Kuko muntu mwengine anakaa fasi fulani, karatasi yake iko sawa, na nafasi ilikuwa ya yee. Hautamuona hata siku moja. Njo maana ni ngumu kumuhurumia." Akapangusa chaki mikononi. "Ku maisha, mi najiulizaka kitu moja tu. Hii kitu nafanya, naweza kuisema na sauti mbele ya ule inamuhusu?"

Nilimshukuru, nikaondoka nimekasirika. Mbele ya nani? Huyo inayemhusu yuko chini ya udongo wa Kipushi! Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, nikapita kituo cha basi bila kukiona, huku nikimjibu mzee yule kila hatua. Yeye aliingia serikalini akiwa kijana, wakati mitihani inafunguliwa. Atajua nini? Na yule mtu wa nafasi ile, ambaye sitamwona, nilimchukia naye pia, kwa kuwa na miaka thelathini na minne.

Kwenye mtihani swali la maadili liliniangukia vizuri mno. Tulitakiwa kueleza uadilifu ni nini, kwa mfano mmoja. Nikaandika kurasa nne. Niliandika juu ya mtumishi anayekataa kuitumia karatasi isiyo yake hata kama hakuna atakayejua, na nikamweka yule mtu asiyeonekana, anayekaa mahali fulani akingoja nafasi yake. Niliandika vizuri hata machozi yakanilenga. Mpaka leo nikikumbuka yale machozi naona aibu kuliko ile fomu.

Nilifaulu. Orodha ilibandikwa ukutani pa ofisi, na alama za kila somo. Maadili ndiyo yaliyonibeba, yalipita masomo mengine yote. Mbele ya alama hizo palikuwa na jina la baba, jina la bibi, na jina la ubatizo la mdogo wangu.

Nilimpeleka mama aone. Hajui kusoma sana, lakini jina lile analijua. Alipitisha kidole kwenye karatasi mpaka akalipata, akakiacha pale. Watu nyuma yetu walikuwa wanasukumana, mmoja akasema mama, tuachie nasi tuone. Mama hakuondoa kidole.

"Banaliandika muzuri," akasema.

Nilimvuta mkono, maana nilikuwa naogopa mtu anayenijua asinikute pale. Kumbe alirudi kesho yake, peke yake. Alirudi na siku iliyofuata, akitoka sokoni na kapu lake kichwani. Hilo niliambiwa na mteja aliyemwona mara tatu na kudhani mama anatafuta jina ambalo halipo. Nikatoka kibandani, nikazunguka nyumba zote za jirani, nikarudi, nikashindwa kupiga chapa hata mstari mmoja usio na kosa. Nilikumbuka mara ya mwisho tulipokwenda Kipushi, siku ya marehemu wote. Misalaba ya mti ilikwisha kuliwa na mchwa, majani yamekuwa marefu, na mama alizunguka baina ya makaburi asubuhi nzima akisema ni hapa, hapana, ni pale. Tulirudi bila kuliona kaburi la mdogo wangu. Mwaka uliofuata hakutaka kwenda.

Lilibaki jambo moja: waliofaulu waje na karatasi zao za asili, waitwe mmoja mmoja, waitike, wathibitishwe. Baada ya hapo, kazi ni yako. Nilijua kwamba mpaka hapo nilikuwa bado naweza kurudi nyuma. Ningebaki nyumbani, wangeandika hayupo, wangempa nafasi anayefuata, na hakuna mtu angejua kitu. Lakini pia kibanda kingekuwa changu mpaka kuzeeka. Asubuhi ile nilivaa sketi yangu nzuri, nikaivua, nikaivaa tena. Mama alikuwa tayari mlangoni, na kitenge cha Jumapili na leso mpya kichwani.

"Mama, weye unaenda wapi?"

"Kusikia."

Nilifikiri anataka kusikia mwanawe akipokelewa.

Ilikuwa msimu wa baridi na vumbi, watu wamejikunyata uani, makaratasi kifuani. Mama alisimama nyuma, kwenye uzio, pamoja na wasindikizaji wengine. Afisa alitoka akasimama kwenye ngazi na orodha yake, mtu wa makamo, amechoka kabla hajaanza. Akaita. Wenye majina wakaitika, wakapanda. Wanafunzi wenzangu wa parokia walikuwepo. Waliponiona walininyooshea kidole gumba. Miguu yangu haikutulia, nilikuwa nasogea kutoka jiwe hili hadi lile, na kila jina alilomaliza lilikuwa linanisogelea.

Akaita jina la baba. Akaita jina la bibi. Hayo ni yangu, ningeyaitikia mbele ya yeyote. Kisha akaita lile la tatu.

Akaangalia watu, akaita mara ya pili, kwa sauti zaidi. Sikuwa nimelisikia jina lile likitamkwa kwa sauti namna hiyo tangu nikiwa na miaka mitano, mama alipokuwa anamwita aje kula. Wenzangu walianza kugeuka. Mmoja akanisukuma bega: "Si ni weye?" Afisa akashusha kalamu kwenye karatasi, akaita mara ya tatu.

Nikafungua kinywa.

"Alikufa, papa."

Sauti ilitoka kwenye uzio. Watu wakampisha mama, akaja mpaka chini ya ngazi, kapu la sokoni mkononi, hakuliacha hata siku ile.

"Nani alikufa?"

"Ule unaita. Mi mama yake."

Afisa akatazama orodha. "Mama, huyu alipita mtihani. Alikufa lini?"

Mama akamtajia siku, mwezi na mwaka. Akamwambia ilikuwa Kipushi, asubuhi, kabla ya kengele ya misa ya kwanza. "Nilikuwa niende kuandikisha," akasema. "Sikuendaka. Andika sasa, papa."

Kuna waliocheka, wakaacha. Afisa aliinua macho na kuyapitisha juu yetu sote, polepole, uso kwa uso, akauliza nani basi alifanya ule mtihani. Wenzangu wa parokia walitazama chini. Mimi nami nikatazama chini. Hilo ndilo nililolifanya, na kurasa zangu nne. Akangoja kidogo, akapumua, akaandika neno moja pembeni ya jina, mama akimfuata kalamu kwa macho mpaka alipoinua mkono. Kisha akaita aliyefuata.

Tulirudi kwa miguu. Mama aliniomba ile karatasi, nikampa, akaiingiza kifuani. Hakuonekana mwenye huzuni. Alitembea kama mtu aliyetua kapu. Mimi ndiye niliyekuwa natangulia, narudi, namngoja, natangulia tena.

"Mi nilikuja kusikia bamuite," akasema, tulipofika karibu na nyumba. "Njo ile tu nilitaka. Sikufikiri kama kuko muntu ataitika." Akasimama. "Mara ya tatu nikaona kinywa yako inafunguka. Ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kusema haiko," nikamjibu.

Akanishika mkono, akautikisa kidogo kama anavyofanya anapofurahi nami, tukaingia ndani. Lakini neno lililokuwa ulimini mwangu lilikuwa "présente", na nilikuwa nimekwisha kulianza. Mpaka leo, hospitalini, benki, popote ninapoitwa kwa jina langu mwenyewe, huniita mara mbili kabla sijaitika.